Chujio la Jina Moja

El Progreso, Honduras
9 Februari 2014

Don Nelson,

Shikamoo. Hunijui. Naitwa Delmy, nashona mikono ya mashati katika kiwanda cha nguo hapa El Progreso. Anwani yako nimeikuta chini kabisa ya programu yako, Kapu, palipoandikwa: "Ukikwama niandikie, nimestaafu, muda ninao." Basi nimekwama.

Kapu nilionyeshwa na Nahún, mwenye kibanda cha intaneti hapa mtaani. Alinikuta nanakili anwani za kurasa kwa kalamu, herufi kwa herufi, akacheka mpaka akashika meza. "Delmy, utazeekea hapo! Kuna mzee wa Uruguay ametengeneza kitu cha bure kinachofanya hayo yote wewe ukinywa kahawa." Sasa naipa Kapu ukurasa, inazoa viungo vyote vilivyomo, inaniwekea kwenye faili moja, na mimi naondoka nayo kwenye flashi nikaisome nyumbani kwa utulivu.

Shida ni kwamba kurasa ninazozipitia ni ndefu mno, na nyingi zimeandikwa Kiingereza. Je, Kapu inaweza kunibakizia vile viungo tu vyenye neno ninalolitaka, vingine ikavitupa?

Nakusanya habari za hapa na pale, si jambo kubwa.

Wako kwa heshima,
Delmy Bardales


Tacuarembó, Uruguay
12 Februari 2014

Binti Delmy,

Marahaba. Umeuliza swali zuri, na mwalimu wa hisabati hawezi kuachiwa swali zuri bila kulitolea somo, kwa hiyo jimiminie kahawa ukae.

Kiungo ni mlango. Wewe kwenye ukurasa unaona maandishi tu, lakini nyuma ya baadhi ya maandishi hayo kuna anwani ya ukurasa mwingine, na ukiyabonyeza unapelekwa huko. Kapu haisomi habari. Haijui kama ukurasa unaongelea mvua au ndoa. Inapita ukutani ikihesabu milango na kuandika anwani ya kila mmoja, basi. Hata huko ndani haiingii. Niliitengeneza kwa ajili ya marehemu mke wangu, Elida, aliyekuwa akikusanya mitindo ya kufuma kutoka kila pembe ya dunia na kuipoteza yote kila kompyuta ilipozimika. Baadaye nikaiweka hadharani kwa yeyote atakayeitaka.

Chujio unalolitaka nimekutengenezea, limeambatanishwa hapa. Andika neno, na Kapu itabakiza tu anwani ambazo neno hilo limo ndani yake. Nakupa ushauri mmoja: chagua neno moja, lile ambalo una hakika nalo kabisa. Watu huweka maneno matano, halafu hawapati kitu na wanamlaumu fundi.

Mwalimu wako wa mbali,
Nelson Irigaray


El Progreso
2 Machi 2014

Don Nelson,

Asante sana. Nimefuata maelezo yako yote, hata ya kahawa. Neno langu ni bardales. Nimelipitisha kwenye kurasa zangu zote na Kapu imerudi mikono mitupu. Nimerudia Jumapili iliyofuata, mambo ni yale yale.

Naomba uniambie bila kunificha: programu imeharibika, au ndivyo ilivyo?

Delmy


Tacuarembó
5 Machi 2014

Binti Delmy,

Programu ni nzima. Nimeijaribu kwa bardales katika ukurasa wa gazeti moja la kwenu, ikaniletea daktari wa meno, diwani, na bibi aliyeshinda shindano la kupika. Kwa hiyo akina Bardales wapo na Kapu inawaona. Kama haileti kitu kwenye kurasa zako, ni kwamba katika anwani zilizoko humo neno hilo halimo. Chujio haliwezi kukuambia zaidi ya hapo.

Sasa na mimi niruhusiwe swali. Huyu Bardales anayesakwa namna hii ni nani? Mwimbaji? Mchezaji mpira? Au ni mchumba aliyetoroka na pikipiki yako? Ukoo wake ni wako, kwa hiyo la mchumba nalifuta, lakini la pikipiki bado nalishuku.

Nelson Irigaray


El Progreso
18 Mei 2014

Don Nelson,

Nisamehe kwa kukaa kimya. Barua yako niliisoma pale kibandani, nikafunga, nikaondoka hata bila kumuaga Nahún. Hukukosea kitu. Hukujua.

Ni mdogo wangu. Elvin Adonay Bardales Orellana. Aliondoka kwenda kaskazini mwaka 2011, akiwa na miaka kumi na tisa. Mara ya mwisho alipiga simu mwezi wa tano kutoka mji wa mpakani, upande wa Meksiko. Alisema, "Mwambie mama asipike bado, nitapiga nikifika." Ndiyo hayo tu.

Kurasa ninazozipitia ni za magazeti, nyumba za kupokea wahamiaji, hospitali, magereza, na zile ofisi za wilaya za Marekani zinazowatangaza watu waliokutwa wamefariki jangwani, ili ndugu zao wajitokeze. Kila mtu ana ukurasa wake. Wenye jina, jina liko kwenye anwani. Wasio na jina wana namba. Siwezi kuwasoma wote, Don Nelson. Nilijaribu mwaka jana, nikawa siwezi kushika sindano kazini. Ndiyo maana nilitaka chujio. Nilitaka mashine iwatazame kwa niaba yangu.

Mama yangu, doña Tránsito, hajui kusoma sana, ila kila Jumapili nikirudi kutoka kibandani huwa yuko mlangoni.

"Hayupo?"

"Hayupo, mama."

"Afadhali," anasema. Halafu anaingia ndani akikasirika, anagombana na kuku. "Mtoto mshenzi yule! Miaka mitatu hana hata senti ya kupiga simu! Akija nitampiga na hii hii sufuria."

Kwa hiyo unaona. Kapu ikirudi mikono mitupu, nyumbani kwetu ni habari njema. Na ni habari mbaya vilevile.

Delmy


Tacuarembó
20 Mei 2014

Mwanangu Delmy,

Nimeona haya kwa utani wangu, na sitausahau.

Sina busara ya kukupa, nina ufundi tu, basi pokea ufundi. Nimeifanya Kapu ipite kwenye kurasa zako zote yenyewe, kila Jumapili alfajiri, na kukutumia barua pepe: viungo vipya vyenye neno lako, au hakuna. Hutahitaji kukaa pale kibandani muda mrefu. Nitumie anwani za kurasa hizo zote, nizipitie moja moja nihakikishe Kapu inazisoma sawasawa, maana tovuti nyingine zimejengwa vibaya na milango yake imefichwa.

Msalimie mama. Mwambie kuna mzee huku kusini ambaye naye anasubiri kumwona huyo kijana akipigwa na sufuria.

Nelson


El Progreso
10 Agosti 2014

Don Nelson,

Mama amekujibu. Nanukuu: "Huyo mzee ana mke?" Nilipomwambia umefiwa, akasema, "Basi aache kukaa na mashine, aje ale baleada hapa, mashine haimpikii." Baleada ni chapati yetu ya ngano yenye maharage na siagi ya maziwa, na za mama watu huzifuata kutoka mtaa wa pili.

Barua ya Kapu inafika kila Jumapili. Hakuna viungo vipya vyenye bardales. Ninaisomea palepale, nalipa, naondoka. Nahún ananitania, "Siku hizi unaingia na kutoka kama mkaguzi." Lakini nimelala vizuri kidogo mwezi huu. Nataka ulijue hilo. Mashine yako inapita kwenye zile kurasa, mimi sipiti.

Dada mmoja kiwandani aliniuliza kama nimekata tamaa. Nikamwambia hapana, nimeajiri mtu.

Delmy


Tacuarembó
14 Septemba 2014

Mwanangu Delmy,

Huku mvua imenyesha wiki nzima. Jirani yangu kakaanga maandazi ya mvua, kaniletea sahani, nimekula na chai yetu chungu ya mate dirishani. Barabara ya kwenda mtoni imefungwa. Mbwa wa posta ana baridi.

Natumaini hujambo na mama hajambo. Kuna ndugu yeyote anayekaa nanyi nyumbani?

Nelson


El Progreso
16 Septemba 2014

Don Nelson,

Barua yako imenitia hofu.

Wewe nikikuuliza saa ngapi, unanieleza kwanza saa inavyotengenezwa. Kiungo ulinieleza kwa milango na kuta. Leo umeniandikia mvua, maandazi na mbwa, na hakuna ulichokieleza. Hata mvua hukueleza inatoka wapi. Halafu unaniuliza nani anakaa nasi.

Nilitoka kiwandani mapema nije nikuandikie hivi. Kama umeona kitu, sema.

Delmy


Tacuarembó
17 Septemba 2014

Mwanangu,

Nimeona kitu. Nilikuwa nimeshakiona Jumapili nilipokuandikia habari za mbwa. Nisamehe. Nitakueleza taratibu, kwa mpangilio, kwa sababu hiyo ndiyo njia pekee ninayoijua ya kusema jambo.

Kuna Mmarekani mmoja anayetumia Kapu, mtu wa maktaba, huniandikia mara kwa mara. Kila barua yake huanza, "Ndugu Sosa." Sosa ni ukoo wa marehemu mama yangu. Mimi ni Nelson Irigaray Sosa. Hapa kwetu hakuna aliyewahi kuniita Sosa maishani mwangu, hata shuleni, hata jeshini. Jumamosi nilikuwa namjibu nimweleze, kwa utani, kwamba sisi tunaandika jina, kisha ukoo wa baba, kisha ukoo wa mama, na mtu hujulikana kwa ule wa baba; na wao Wamarekani hulichukua jina la mwisho wakidhani ndilo la ukoo, na la katikati wakalitupa. Nilikuwa katikati ya sentensi hiyo nilipoacha kuandika.

Umeelewa, mwanangu, naona umeshaelewa.

Tulichuja kwa bardales. Hakuna mtu wa kwetu, tangu Meksiko hadi huku, ambaye angechuja kwa neno lingine. Lakini wanaoandika zile anwani si wa kwetu.

Nikaweka orellana. Nikaipitisha Kapu kwenye kurasa zako zote. Imeleta viungo vinne. Vitatu nimevifungua, ni vya wanawake wawili na mzee mmoja. Cha nne kiko kwenye tovuti ya ofisi moja ya wilaya, kusini kabisa mwa Marekani, karibu na mto wa mpakani. Mwisho wa anwani yake umeandikwa: elvin-orellana.

Sijakifungua. Ni mlango wenu, si wangu. Akina Elvin Orellana wanaweza kuwa wengi, najua hesabu za uwezekano, nimezifundisha. Lakini sitaki kukupa tumaini nisilokuwa nalo.

Mimi ndiye niliyekwambia uchague neno moja. Naomba ulijue hilo, na kama unanilaumu, nilaumu bila kunionea haya.

Nelson


El Progreso
17 Septemba 2014

Don Nelson,

Kifungue wewe. Mimi niko hapa kibandani na siwezi. Nahún alitaka kunisaidia nikamkatalia, kwa sababu atalia kabla yangu.

Unieleze kama unavyoeleza mambo yako. Kwa mpangilio. Usiruke kitu na usinipambie.

Mama hajui. Yuko sokoni.

Delmy


Tacuarembó
18 Septemba 2014

Mwanangu Delmy,

Nimekifungua. Kimeandikwa Kiingereza, nimekitafsiri kwa kamusi mara mbili ili nisikose.

Ni mwanaume, umri kati ya miaka kumi na minane na ishirini na mitano. Alikutwa mwezi wa sita mwaka 2011, katika shamba la ng'ombe, chini ya mti wa miiba, mbali na barabara. Wanaandika kwamba alifariki kwa joto na kiu. Hakuna alama ya kupigwa wala kukatwa. Nimeusoma mstari huo mara nyingi ili niuandike hapa kwa uhakika: hakuna mtu aliyemdhuru.

Alikuwa na shati la mikono mirefu la samawati, suruali ya jinzi, na mkanda wenye bizimu ya kichwa cha farasi. Jino la mbele la juu, upande wa kushoto, limekatika kona. Ndani ya pindo la suruali kulikuwa na kadi ya kitambulisho cha Honduras, imeshonewa humo kwa uzi mweusi ndani ya kipande cha plastiki. Jina wamelitoa kwenye kadi hiyo. Mfukoni kulikuwa na karatasi yenye namba ya simu, lakini jasho lilikuwa limefuta namba zote isipokuwa mbili za mwanzo. Ndiyo maana hakuna aliyewapigia.

Wanasema amezikwa katika makaburi ya wilaya, kaburi lake lina alama, na anaweza kutolewa ndugu wakijitokeza na kuchukuliwa vipimo. Chini kuna simu ya ofisi na ya mtu anayesema Kihispania. Nimempigia, nikamwambia familia ipo. Anaitwa bibi Ludivina, sauti yake ni ya mtu mwema. Anasubiri simu yako, saa yoyote ya kazi.

Ukurasa huo uliwekwa mwanzoni mwa mwaka 2012.

Nimemaliza. Hakuna nilichoruka.

Nelson


El Progreso
21 Desemba 2014

Mzee wangu Nelson,

Tumemzika jana.

Miezi hii sikukuandikia, na simu zako nilimwachia Nahún azipokee. Uliuliza kama nakulaumu. Nitakujibu kweli. Nilikulaumu wiki kadhaa. Nilimlaumu na yule aliyeandika anwani, na Mmarekani wako wa maktaba, na baba. Uzi mweusi niliushona mimi, jikoni, usiku wa kuamkia safari yake, kwa hiyo ulipouandika nilijua hapohapo, jino halikuhitajika. Nilijilaumu hata kwa kushona vizuri. Halafu nikachoka. Neno nililichagua mimi, na ningelichagua hilohilo hata kama usingenishauri. Ila kuna jambo moja bado linanisumbua, nakwambia wewe tu: Jumapili zote zile nilipita mlangoni kwake, jina lake likiwa limeandikwa hapo juu, nami nikarudi nyumbani kumwambia mama hayupo.

Mama nilimwambia siku ileile barua yako ilipofika. Alikuwa ametoka sokoni, ana kabichi mkononi. Hakulia. Alisema, "Si yeye. Mwanangu ni Bardales."

Kila nilichomwonyesha alikikataa kwa hilohilo. Mkanda: kila kijana ana mkanda. Jino: kila kijana ameanguka. Walipokuja kuchukua vipimo vya mate yake aliwafungulia mdomo kama mtu anayemkomoa daktari. "Chukueni, mtaona si yeye." Majibu yalipotoka na bibi Ludivina akapiga simu, niliiweka kwa sauti ili asikie mwenyewe. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza:

"Muulize, huko walikuwa wanamwitaje?"

"Elvin Orellana, mama. Nilishakwambia."

"Miaka yote hiyo?"

"Miaka yote."

Akakaa chini. "Hilo ni jina langu," akasema. Ndipo alipolia, Don Nelson, na hatukuweza kumnyamazisha mpaka jioni.

Baba yetu, Bardales, aliondoka kwenda La Ceiba Elvin akiwa hajaota meno. Ana watoto wengine huko. Tulimpelekea habari za maziko, akatuma shada la maua ya plastiki. Mama alilipokea, akaliegemeza ukutani nje, kwenye banda la kuku.

Sanduku lilikuja limefungwa, halikuruhusiwa kufunguliwa. Watu wa kiwandani walikuja wengi. Nahún alifunga kibanda siku nzima. Tulipika tamale, unga wa mahindi na nyama uliofungwa kwa majani ya migomba, kwa sababu ni Desemba na ndizo zilizokuwepo, na watu walikula wakionea aibu kwamba ni tamu.

Sasa nikusimulie la msalaba, halafu nikuache upumzike. Juzi tulikwenda kwa don Tulio, fundi anayeandika misalaba. Alikuwa ameshaanza kwa penseli: Elvin Adonay Bardales O. Mama akamwambia afute.

"Niandike vipi, doña Tránsito?"

"Elvin Orellana."

Don Tulio akanitazama mimi. "Doña, ukiondoa ukoo wa baba watu watasema mtoto hakuwa na baba."

"Kwani watakuwa wamedanganya?"

"Lakini si ndivyo tunavyoandika huku. Na kwenye kitambulisho..."

"Tulio," mama akasema, "mimi sikuja kwako kufundishwa kuandika, hilo nimeshindwa tangu utoto. Alilala kule kwa wageni kwa jina langu, hakuna aliyejua ni la nani, hakuna aliyekwenda kulidai. Mimi ndiye mwenye jina. Nimekuja kumchukua. Andika."

Akafuta. Akaandika.

Delmy Bardales Orellana